CHAKULA CHA KARIAKOO NA MNAZI MMOJA

Wenye madaftari, yafungueni. Mwalimu wa darasa, tafadhali simama karibu na ubao.

Leo tutazungumza juu ya chakula kinachouzwa katika mitaa ya Kariakoo na Mnazi Mmoja, mjini Dar es Salaam. Labda utasema, "Chakula nakijua, nakila kila siku. Pana somo gani hapo?" Somo lipo. Ndani ya sahani moja mna mambo matatu: historia, hesabu na afya. Tutayatazama moja baada ya jingine.

JINA LA KARIAKOO

Kwanza, jina. Kariakoo ni neno lililotoka katika maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani Jeshi la Wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yetu. Magari yalikuwa machache. Barabara zilikuwa mbaya. Tena mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Basi mizigo ya jeshi ilichukuliwa na watu, vichwani na mabegani. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na wapagazi wao wakapiga kambi mahali hapa. Baada ya vita pakawa soko, lakini jina likabaki.

Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile. Sikiliza vizuri: wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu. Sababu moja ya kuhara ilikuwa chakula. Walipewa unga ambao wengine hawakuuzoea. Baada ya safari ya kutwa waliupika upesi, ukaliwa haujaiva. Na maji ya kunywa mara nyingi yalikuwa machafu. Shika jambo hili, tutalirudia.

KIWANJA CHA MNAZI MMOJA

Ukitoka Kariakoo kwenda upande wa bahari, unavuka Mtaa wa Lumumba, unafika kiwanja cha Mnazi Mmoja. Leo pana mnara wa Mwenge wa Uhuru hapo. Lakini wakati wa ukoloni kiwanja kile kiliachwa wazi kwa makusudi. Kilitenga nyumba za Waafrika, zilizokuwa Kariakoo, na maduka na nyumba za Uhindini, upande wa pili. Serikali ya kikoloni ilitaka watu wa rangi mbalimbali wakae mbalimbali.

Watu walitengwa, lakini chakula hakikutengeka. Chapati na sambusa zilivuka kiwanja zikaja Kariakoo. Muhogo, nazi na samaki vilivuka vikaenda Uhindini. Leo hakuna anayeuliza chapati ni ya nani. Ni chakula chetu.

TUTEMBEE TANGU ALFAJIRI HADI USIKU

Alfajiri utasikia vikombe vikigonganishwa. Huyo ni muuza kahawa. Birika lake limekaa juu ya jiko la makaa, naye hulichukua mkononi mtaa hata mtaa. Kahawa yake ni chungu, haina sukari. Utamu unaupata katika kashata ya karanga au ya nazi. Mti wa kahawa asili yake ni Ethiopia. Waarabu ndio walioeneza desturi ya kuinywa.

Kukipambazuka, wachukuzi wa mizigo wanaanza kazi. Wafanyabiashara wa mikoani wanashuka, na wengine wametoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Watu hawa hawana jiko karibu. Ndiyo sababu chakula cha Kariakoo ni cha kushibisha, tena cha upesi. Asubuhi ni supu ya ng'ombe, ya utumbo au ya kongoro, yenye ndimu na pilipili, pamoja na chapati. Asiye na fedha ya supu hununua chai na maandazi, au vitumbua, ambavyo hupikwa kwa mchele na nazi.

Mchana ni zamu ya mama lishe. Zamani waliitwa zaidi mama ntilie, kwa sababu mteja husimama na kusema, "Mama, nitilie." Sufuria zao zina wali, maharage, mchicha, samaki, ugali na dagaa. Wengine hupika ndizi kwa nyama, chakula cha watu wa Kilimanjaro na Kagera, au makande, ambayo Wapare huyapenda sana. Mchukuzi aliyetoka mbali hupata hapo ladha ya kwao.

Jioni makaa huwashwa kando ya barabara. Hapo utapata mishikaki, muhogo wa kuchoma, na chipsi mayai, yaani viazi vilivyokaangwa pamoja na mayai. Upande wa Kisutu na katikati ya mji utapata pia biriani, kachori na bagia.

Sasa fikiri: vitu hivi vimetoka wapi? Mahindi, muhogo, maharage, karanga, nyanya, viazi na pilipili vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilianza kufika Afrika baada ya Wareno kuvuka bahari kuu, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Ndizi zilitoka Asia zamani zaidi. Hata maneno yanatueleza. Mwalimu, andika ubaoni: MEZA, SAHANI, CHAPATI, SUPU, NYAMA. Meza ni neno la Kireno. Sahani ni la Kiarabu. Chapati ni la Kihindi. Supu ni la Kiingereza. Nyama ni neno letu wenyewe la Kibantu. Ukikaa mezani kwa mama lishe, umekaa na dunia nzima.

HESABU YA MAMA LISHE

Sasa tuje kwenye hesabu. Chukua kalamu. Bei hubadilika, kwa hiyo huu ni mfano tu. Tuseme mama lishe mmoja amenunua:

Mchele kilo 10, kila kilo shilingi 2,800: shilingi 28,000
Maharage kilo 4, kila kilo shilingi 3,000: shilingi 12,000
Nazi 5, kila moja shilingi 1,000: shilingi 5,000
Mafuta, nyanya, vitunguu na chumvi: shilingi 7,000
Mkaa: shilingi 6,000
Maji: shilingi 2,000

Jumla ni shilingi 60,000. Amepata sahani 60, na kila sahani anaiuza shilingi 1,500. Akiziuza zote atapata shilingi 90,000. Toa 60,000, zinabaki 30,000. Msaidizi wake anamlipa 8,000, na nauli na mambo madogo ni 4,000. Faida yake ni shilingi 18,000.

Lakini siku hiyo wateja 10 wamekula kwa mkopo. Kumi mara 1,500 ni shilingi 15,000. Usiku mkononi anabaki na faida ya shilingi 3,000 tu. Kama hakuandika majina yao, je, wiki ijayo atamkumbuka nani? Asipolipwa, kidogo kidogo atakula mtaji wake, na siku moja moto hautawaka. Mama huyu hakushindwa kupika. Ameshindwa kwa kukosa daftari la shilingi chache. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na wewe mteja, soma bei kabla ya kukaa. Bei ikiwa imeandikwa ukutani, isome mwenyewe. Ukitoa shilingi 5,000 kwa sahani ya 1,500, ujue ya kuwa chenji yako ni 3,500 kabla hujapewa. Hapo utajua kwa nini unakuja darasani.

CHAKULA KIWE SALAMA

Sasa tuwakumbuke wale wapagazi. Kilichowaua wengi hakikupigwa kwa bunduki. Kiliingia kwa mdomo. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingine. Vijidudu vya kipindupindu hutoka katika choo cha mgonjwa, vikaingia katika maji au chakula. Mtu mwenye nguvu asubuhi aweza kuwa mahututi jioni, kwa sababu maji ya mwili hutoka upesi.

Basi, kabla ya kula kando ya barabara, tazama mambo manne:

1. Je, chakula ni cha moto? Moto mkali huua vijidudu.
2. Je, kimefunikwa, nzi wasitue?
3. Je, maji ya kunawa yanamiminwa, au watu wote wanatia mikono katika beseni moja? Yanayomiminwa ndiyo mazuri. Nawa kwa sabuni.
4. Je, kachumbari na matunda yameoshwa kwa maji safi? Vitu hivi havipiti motoni. Ukiwa na shaka, viache.

Usione haya kuuliza. Mama lishe mwema hachukii swali hilo, maana mteja mzima ndiye anayerudi kesho.

MASWALI YA DARASANI

1. Jina la Kariakoo lilitoka wapi?
2. Kwa nini wapagazi wengi walikufa katika vita ya 1914 hadi 1918?
3. Taja vyakula vitatu vilivyotoka Amerika.
4. Mama lishe ameuza sahani 45 kwa shilingi 1,500 kila moja. Amepata shilingi ngapi?
5. Kesho, andika katika daftari lako kila chakula utakachonunua na bei yake. Jumlisha usiku. Mlete hesabu hiyo darasani, nasi tutaitumia katika somo lijalo.