Amekufa au Amechelewa?

Tarehe 27 Februari 2011 kuna watu waliofungua Gmail wakakuta sanduku tupu: barua za miaka mingi, hakuna. Google ilikadiria kwamba walioguswa ni kama asilimia 0.02 ya watumiaji. Toleo jipya la programu ya kuhifadhi data lilikuwa na kasoro, nalo likaharibu nakala kadhaa kwa mpigo. Barua zilirudishwa kutoka kwenye kanda za sumaku, ndugu wa kaseti za muziki za zamani, kwa kuwa kanda hizo zilikaa nje ya mtandao na kasoro haikuzifikia.

Katika vituo vikubwa vya data, kanda za aina hiyo hutunzwa kwenye maktaba: makabati ya chuma yaliyounganishwa moduli kwa moduli, yenye maelfu ya kanda. Ndani yake roboti hukimbia kwenye reli, huchomoa kanda inayotakiwa na kuipachika kwenye kisomaji. Anayeiamuru ni kidhibiti, kompyuta yenye daftari la kanda ipi ipo tundu gani. Kidhibiti kikifa, kanda zote ni nzima lakini hazifikiki. Kwa hiyo huwekwa cha pili, ambacho hupokea nakala ya daftari kila linapobadilika na kusikiliza mwenzake akisema, kila baada ya muda mfupi, "nipo".

Halafu kimya. Amekufa, au ni waya tu uliokatika? Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kihisabati kwamba pale ujumbe unapoweza kuchelewa bila kikomo, na hata mshiriki mmoja tu anaweza kufa, hakuna utaratibu usiobahatisha utakaohakikisha kila mara kwamba waliobaki wanafikia uamuzi mmoja. Mzizi wa shida ni kwamba ukiwa mbali huwezi kumtofautisha mfu na mchelewaji.

Na kukosea hapa ni ghali. Fikiria daraja la reli la Kongolo, juu ya mto Lualaba: wakuu wawili wa zamu, mmoja kila ng'ambo, kila mmoja akidhani mwenzake hayupo, wote wakaruhusu treni kuingia darajani. Vidhibiti viwili vinavyoamuru roboti kwenye reli moja havina tofauti. Mafundi basi hawaungoji uhakika ambao hisabati imewanyima. Mara nyingi hupanga umeme wa kidhibiti cha zamani ukatwe kwanza, ndipo kipya kishike kazi. Kama kilikuwa hai, sasa kimekufa kweli. Ni ukatili, lakini wenye akili.

Aliyeko Kongolo akituma pesa kwa simu kwenda Kalemie, na mtandao ukakatika kabla ya ujumbe wa uthibitisho, yumo kwenye kimya kilekile. Akituma tena papo hapo, mfumo unaweza kuliona hilo kuwa ombi jipya, na pesa ikatoka mara mbili. Aangalie salio kwanza. Na hata kama halijapungua, ikiwa mtandao bado unayumba asubiri kidogo, maana ombi la kwanza linaweza kuwa lingali njiani.