Ndigana baridi: kumtafuta bakteria ndani ya damu

Ndigana baridi husababishwa na Anaplasma marginale, bakteria anayeishi ndani ya chembe nyekundu za damu ya ng'ombe. Arnold Theiler ndiye aliyemweleza, Afrika Kusini, mwaka 1910. Afrika Mashariki ugonjwa huu huenezwa zaidi na kupe wa bluu, ingawa sindano moja ikichoma kundi zima huweza kuueneza bila kupe hata mmoja.

Dalili huchelewa, kwa kawaida wiki tatu hadi sita: homa, ufizi uliopauka na baadaye kuwa wa manjano, kinyesi kikavu, kukonda haraka. Ndama huugua kidogo tu. Ng'ombe wazima ndio hufa. Mkojo haubadiliki kuwa mwekundu, kwa kuwa chembe zilizoambukizwa huharibiwa kwenye wengu na si ndani ya mishipa. Alama hiyo isipuuzwe, kwa kuwa huamua dawa. Oksitetrasaiklini, tiba ya ndigana baridi, haimponyi ng'ombe anayekojoa damu kwa babesia, vimelea wengine wa damu, na dawa ya ndigana kali, ugonjwa tofauti licha ya jina, haimgusi Anaplasma.

Uthibitisho wa haraka ni darubini. Tone la damu hutandazwa kwenye kioo likawa utando mwembamba, hukaushwa, huwekwa kwenye methanoli, kisha hutiwa rangi ya Giemsa. Bakteria huonekana kama vidoa vya zambarau iliyokoza, vya mviringo, visivyozidi mikromita moja, vingi vikiwa pembezoni mwa chembe. Rangi isiyochujwa huacha punje zinazofanana navyo, na majibu mengi ya uongo hutokana na uzembe huo.

Ng'ombe aliyepona ni kitendawili kigumu zaidi. Hubaki na bakteria kwa miaka, mara nyingi maisha yote, lakini wachache mno kuonekana kwenye kioo. Kipimo cha ELISA hutafuta kingamwili, hivyo huonyesha kwamba mnyama amewahi kuambukizwa. Kingamwili za Anaplasma wa aina nyingine huweza kukichanganya. PCR hutafuta DNA ya bakteria mwenyewe na humfichua hata akiwa haba, ila huhitaji maabara.

Kwa mzoga, wengu uliovimba na kibofu cha nyongo kilichojaa nyongo nzito huelekeza kwenye ndigana baridi. Ikishukiwa maji moyo, ugonjwa mwingine wa kupe, damu haitoshi: bakteria wake, Ehrlichia ruminantium, hujificha kwenye kuta za kapilari, kwa hiyo kipande kidogo cha ubongo husagwa kati ya vioo viwili na kutiwa Giemsa.