Yafahamu haya kabla ya kupanga nyumba Ujerumani

MKATABA uliotiwa sahihi jijini Berlin mnamo Septemba 2024 baina ya Kenya na Ujerumani uliwafungulia njia Wakenya wenye ujuzi wanaotaka kuajiriwa nchini humo. Hata hivyo, kwa wengi mtihani wa kwanza hauwi kazini bali katika kutafuta pa kulaza ubavu.

Kwanza, kodi ya nyumba hutajwa kwa namna mbili. ‘Kaltmiete’, yaani kodi baridi, ni malipo ya nyumba yenyewe tu. ‘Warmmiete’, au kodi ya joto, hujumuisha gharama kama vile maji, uzoaji wa taka na, aghalabu, kupasha nyumba joto. Umeme na intaneti kwa kawaida hulipiwa kando. Anayepanga bajeti yake kwa kutazama kodi baridi pekee hujikuta taabani kabla ya mwisho wa mwezi.

Pili ni amana. Sheria haimruhusu mwenye nyumba kudai amana inayozidi kodi baridi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi. Atakayedai pesa kabla nyumba haijaonekana, kwa kisingizio kwamba yuko ng’ambo na funguo zitatumwa kwa posta, huyo ni tapeli.

Siku ya kukabidhiwa funguo, mpangaji na mwenye nyumba hukagua kila chumba pamoja na kuandika kasoro zote, zikiwemo nyufa, madoa na vitasa vilivyolegea, pamoja na tarakimu za mita. Mali bila daftari hupotea bila habari: asiyekuwa na hati hiyo huenda akakatwa amana kwa uharibifu alioukuta.

Tatu, na pengine muhimu zaidi, ni usajili wa makazi. Anayehamia nyumba hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili. Tangu Novemba 2015, mwenye nyumba hulazimika kumpa mpangaji barua ya kuthibitisha kwamba amehamia. Nambari ya ushuru hutumwa kwa anwani iliyosajiliwa, na mfanyakazi asiyekuwa nayo anaweza kukatwa ushuru wa kiwango cha juu. Nyumba ambayo mwenyewe anakataa kutoa barua hiyo haifai, hata iwe rahisi namna gani.

Ndani ya nyumba nako kuna mageni. Nyumba nyingi hukodishwa bila jikoni wala taa, hivyo ni vyema kuuliza mapema. Taka hutenganishwa: karatasi, vifungashio, mabaki ya vyakula na takataka nyinginezo, kila aina na pipa lake. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kelele hazivumiliwi, na Jumapili si siku ya kupiga misumari. Hata wakati wa baridi kali, madirisha hufunguliwa wazi kwa dakika chache kila siku ili unyevu utoke, la sivyo kuta huota ukungu na lawama humwangukia mpangaji.

Hatimaye, kuondoka pia kuna utaratibu wake. Kwa kawaida mpangaji hutoa ilani ya maandishi ya miezi mitatu. Anayefunga virago ghafla huendelea kudaiwa kodi ya nyumba asiyolala.