Kiti cha kulia kikibaki wazi: Safari ya kwanza ya rubani mwanafunzi

BUJUMBURA — Safari yenyewe haifiki dakika kumi. Ndege ndogo ya injini moja inapaa, inauzunguka uwanja mara moja, kisha inatua pale pale ilipoondokea. Haimpeleki mtu popote. Hata hivyo, ni nadra kumpata rubani aliyeisahau tarehe ya safari hiyo, awe leo anapeleka mizigo Goma au anaendesha ndege ya abiria ya kwenda Dubai. Ndiyo siku aliyorusha ndege bila mtu mwingine ndani.

Kwa kijana wa Bujumbura, safari hiyo ina uzito wa ziada. Shule za urubani zenye jina katika kanda ziko nje ya mipaka ya nchi yake: Soroti nchini Uganda, uwanja wa Wilson jijini Nairobi, au Addis Ababa nchini Ethiopia. Anayeitaka kazi hiyo hufungasha mizigo, hutafuta dola na kwenda kujifunza kuruka ugenini. Swali linalomhusu yeye, wazazi wake na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa jumla ni moja: saa alizoruka huko zitahesabiwaje atakaporudi nyumbani?

Mkufunzi anaposhuka

Wakufunzi wengi hawamwambii mwanafunzi mapema kwamba kesho ataruka peke yake. Hawataki akeshe akiiwaza. Kinachotangulia ni wiki nzima nzima za kurudia jambo lile lile: kupaa, kuzunguka, kutua, na kupaa tena. Wengi hufika siku hiyo wakiwa wameruka na mkufunzi kati ya saa 10 na 25. Hesabu ya saa peke yake haitoshi. Mkufunzi anasubiri kuona ndege ikitua vizuri mara kadhaa mfululizo bila yeye kugusa usukani wala kufungua mdomo.

Kabla ya hapo mwanafunzi lazima awe na cheti cha daktari aliyeidhinishwa kupima marubani. Lazima pia awe amefanya mazoezi ya yale yanayoweza kuharibika: injini kuzimika mara tu baada ya kupaa, ndege nyingine kuwa bado iko kwenye njia ya kurukia, redio kunyamaza. Akiona kutua kunaelekea kubaya, anatakiwa kuongeza nguvu ya injini, apae tena na kuanza mzunguko upya. Somo hili hurudiwa kuliko yote, kwa sababu ajali nyingi za kutua huanza pale rubani anapong'ang'ania kushuka wakati alipaswa kupaa.

Redio ikifa kabisa, mnara wa kuongozea ndege huzungumza kwa taa. Kijani inayowaka bila kukatika humwambia rubani aliye angani kwamba ameruhusiwa kutua. Nyekundu isiyokatika humwambia apishe ndege nyingine na kuendelea kuzunguka. Nyekundu ya kuwaka na kuzimika ina maana kwamba uwanja si salama, asitue. Taa hizo zina maana ile ile Entebbe, Bujumbura na Dar es Salaam, kwa kuwa ziliwekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO.

Kisha asubuhi moja, baada ya kutua mara tatu au nne, mkufunzi anamwambia mwanafunzi asimamishe ndege pembeni. Anafungua mlango, anashuka, anaifunga mikanda ya kiti chake ili isije ikakwama kwenye usukani, anasema maneno machache na kwenda zake.

Ndege inakuwa nyepesi

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hulihisi ni la kimaumbile. Cessna 152, ndege ya viti viwili iliyofundisha marubani wengi duniani, hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 757. Mkufunzi wa kilo 80 akishuka, inapoteza karibu sehemu ya kumi ya uzito wake. Inaacha ardhi mapema kuliko ilivyozoeleka na kupanda kwa haraka zaidi. Wakati wa kutua inataka kuendelea kuelea juu ya njia wakati mwanafunzi anadhani imeshafika chini. Aliyeonywa hutulia. Asiyeonywa hushtuka.

Jambo la pili ni kimya. Rubani mwanafunzi hukaa kushoto. Kwa wiki zote hizo, kiti cha kulia kilikuwa na sauti: punguza kasi, angalia upepo, usiangalie pua ya ndege, angalia mwisho wa njia. Sasa kiti kiko wazi, na maneno hayo anajiambia mwenyewe. Wapo wanaoyasema kwa sauti.

Mzunguko wenyewe ni mstatili. Ndege inapaa ikiukabili upepo, kwa kawaida inakata kushoto mara mbili, inakwenda sambamba na uwanja ikiwa futi 1,000 hivi juu ya ardhi, yaani takriban mita 300. Hapo upepo uko mgongoni na kazi ni nyingi: kukagua mafuta, kuwasiliana na mnara, kupunguza nguvu ya injini, kupima umbali kwa macho. Inakata kushoto mara mbili nyingine, na njia ya kurukia inatokea mbele ya kioo. Kuanzia hapo hakuna wa kumkabidhi usukani. Ndiyo maana wakufunzi husema kwamba kupaa ni hiari, kutua ni lazima.

Akisharudi, katika shule nyingi humwagiwa ndoo ya maji na wenzake. Kisha mkufunzi anaandika mstari mmoja kwenye daftari lake la kumbukumbu za safari: tarehe, namba ya ndege, dakika alizoruka, na saini. Maji hukauka siku hiyo hiyo. Mstari huo ndio atakaoubeba maisha yake yote.

Hesabu inayoanza siku hiyo

Kwa viwango vya ICAO, leseni ya rubani binafsi inahitaji umri wa miaka 17 na saa zisizopungua 40 angani, au 35 kwa anayesoma katika kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, saa 10 lazima awe peke yake, na lazima afanye safari moja ya kilomita 270 au zaidi huku akitua katika viwanja viwili tofauti. Leseni ya biashara, ile inayomruhusu kulipwa, inataka miaka 18 na saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa. Dakika zile chache za kwanza ndizo mwanzo wa hesabu hiyo ndefu.

Kila saa ina bei, na shule nyingi za kanda hutaja ada kwa dola. Hapo ndipo familia ya Burundi hukwama mapema, kwa kuwa nchi imekuwa na upungufu wa fedha za kigeni kwa miaka kadhaa. Mafuta nayo yamekuwa haba. Tena ndege nyingi ndogo za mafunzo hutumia petroli maalumu ya ndege, si mafuta ya taa ya ndege kubwa, hivyo uwanja unaohudumia ndege za abiria kila siku unaweza kukosa kabisa mafuta ya ndege ya mwanafunzi.

Njia ya kwenda shuleni nayo si nyoofu. Kutoka Bujumbura hadi Soroti ni zaidi ya kilomita 700 kwa mstari wa angani. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda mnamo Januari 2024, njia fupi ya basi ya kupitia Kigali ilikatika, na msafiri wa kwenda Kampala akalazimika kuzunguka kupitia Tanzania.

Shule iliyozaliwa na Jumuiya

Soroti ina historia inayowahusu Waafrika Mashariki wote. Chuo chake cha usafiri wa anga kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ili Kenya, Uganda na Tanzania zipate marubani na mafundi wake badala ya kutegemea wageni. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la ndege, East African Airways, nalo lilikufa. Chuo kilibaki pale kilipojengwa, mikononi mwa Uganda.

Burundi haikuwamo katika Jumuiya ile. Ilijiunga na hii ya sasa Julai 2007, pamoja na Rwanda. Nchi hizo mbili zinafanana kwa mengi, na mfano wa jirani unatosha kuonyesha kinachowezekana. Esther Mbabazi, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa ndege za biashara, alianza masomo Soroti kabla ya shirika la RwandAir kumpeleka Marekani kuyamalizia. Alikuwa mtoto baba yake alipofariki katika ajali ya ndege Goma, na baadhi ya ndugu hawakupenda achague kazi hiyo. Akaichagua. Nyuma yake kulikuwa na shule ya karibu na shirika la ndege lililokuwa tayari kumlipia.

Shirika la Air Burundi lilisimamisha safari zake mwaka 2009. Kijana wa Bujumbura, hata akiwa na kipaji kile kile, anakosa mlango huo wa pili.

Lugha nayo ni mtihani. Shule za msingi za Burundi hufundisha Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na Kiingereza kimekuwa lugha rasmi tangu mwaka 2014. Lakini sehemu kubwa ya masomo ya juu bado ni kwa Kifaransa. ICAO inataka rubani wa safari za kimataifa afikie angalau kiwango cha 4 kati ya 6 katika lugha ya redio, na kwa viwanja vingi vya kanda hiyo ni Kiingereza. Siku ya kuruka peke yake, mwanafunzi wa Burundi anafanya kazi mbili: anarusha ndege, na anaielewa sauti ya mnara katika lugha yake ya tatu au ya nne.

5X na 9U

Kila ndege hubeba herufi za nchi ilikosajiliwa. Za Uganda huanza na 5X, za Kenya 5Y, za Tanzania 5H, za Burundi 9U. Kwa mujibu wa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, leseni ya Uganda inamruhusu rubani kuileta ndege ya 5X hadi Bujumbura bila shaka yoyote. Lakini akitaka kukaa kwenye usukani wa ndege ya 9U, lazima mamlaka ya usafiri wa anga ya Burundi iithibitishe leseni hiyo au impe nyingine. Mtu ni yule yule na anga ni ile ile. Kilichobadilika ni herufi mbili mkiani.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Kwa usafiri wa anga upo pia Wakala wa Usalama wa Anga wa Jumuiya, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao yake Entebbe. Kazi yake mojawapo ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama, zikiwamo za leseni. Kanuni zikifanana, kuthibitisha leseni kunabaki kuwa kukagua karatasi. Zikitofautiana, kijana huyo huyo anarudishwa darasani na kwenye foleni ya malipo.

Bujumbura yenyewe ni mwalimu mkali. Uwanja wa Melchior Ndadaye, wenye njia ya mita 3,600 na jengo la abiria lenye paa za kuba, uko mita 787 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba uwanja uko mita 1,500. Kusini kuna Ziwa Tanganyika na upepo wake. Mashariki na magharibi ni milima, ya Burundi na ya Kongo. Rubani anayerudi kutoka Soroti bado ana ya kujifunza hapa, na anayajifunza haraka zaidi akiwa kazini kuliko akiwa anasubiri muhuri.

Mwanafunzi hawezi kuruka peke yake mpaka mtu mwingine amwamini na kutia saini. Daftari la kijana wa Burundi lina saini hiyo tayari, ya mkufunzi wa Uganda au wa Kenya. Inayobaki ni ya nchi zilizoahidi kuaminiana.