Mtu Mzima Haachi Pombe kwa Kukaripiwa

Labda unaye mwana au ndugu aliyekwenda mbali kutafuta kazi. Mwanzoni alipeleka fedha nyumbani kila mwezi. Kisha fedha zikapungua, simu zikawa za usiku wa manane, na sauti yake si ile uliyoizoea. Ukauliza, ukaambiwa: anakunywa. Msiba huo hauko kwetu peke yetu. Leo tuwatazame wanaume wa Mexico, Guatemala na nchi nyingine za Kihispania waliohamia Marekani, na jinsi washauri wa huko walivyojifunza kusema nao.

Watu wenye asili ya nchi hizo ni wengi mno Marekani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walipita milioni 62. Wengi waliletwa na kazi. Toka mwaka 1942 mpaka 1964 serikali za Mexico na Marekani zilikuwa na mapatano ya kuajiri vibarua wa mashamba, na mikataba zaidi ya milioni 4 ilitiwa sahihi. Walichukuliwa wanaume tu. Mke na watoto walibaki kijijini. Mapatano yakaisha, lakini desturi ya mwanamume kwenda peke yake haikuisha.

Nawe fikiri jinsi anavyoishi. Kwao alikunywa siku ya harusi au ya sikukuu, baba yake akimwona, mama mkwe akimwona. Ugenini analala kambini pamoja na wanaume wenzake kumi. Jumamosi mshahara umelipwa, bia ni rahisi, na hakuna mzee wa kumkohoa. Mwenzake akimpa kopo, kulikataa ni kama kumkataa yeye mwenyewe. Na ikiwa mwenzake huyo ndiye aliyemsimamia mtoto wake ubatizo, hapo kukataa ni kugumu zaidi. Hatuna haja ya kueleza sana jambo hili kwa watu wanaokunywa kutoka chungu kimoja!

Waganga wa Marekani husema kwamba mwanamume anayekunywa makopo 5 ya bia au zaidi kwa siku moja, kila kopo likiwa karibu theluthi ya lita, amekunywa kupita kiasi. Wahamiaji wengi wa Kihispania hawanywi kila siku, ila siku wanapokunywa, wanakunywa mengi kwa mara moja. Ugonjwa wa ini kukauka huwaua wanaume hao kuliko wanaume wa makabila mengine mengi ya nchi ile. Hata hivyo ni wachache wanaokwenda kutafuta msaada. Mmoja hajui Kiingereza, mwingine hana bima ya kulipia matibabu, wa tatu hana karatasi za kukaa nchini, anaogopa kurudishwa kwao. Na karibu wote wanaona aibu. Mwanamume ni nguzo ya nyumba. Nguzo itasemaje kwamba imeoza?

Zamani washauri wengi walimkabili mnywaji kwa ukali. Walimwambia: “Kubali kwamba wewe ni mlevi!” Yeye akakana, nao wakazidisha sauti. Bwana William Miller, mtaalamu wa mambo ya nafsi wa Marekani, aliona kwamba kazi hii inaenda kinyume. Mwaka 1983 aliandika juu ya njia nyingine, na mwaka 1993 yeye na wenzake walionyesha kwamba kadiri mshauri alivyombana mtu kwa maneno, ndivyo mtu yule alivyoendelea kunywa zaidi mwaka uliofuata. Mke anayegombana na mumewe kila usiku mlangoni hahitaji mtaalamu wa kumweleza hayo.

Njia ya Miller ni ya kuuliza na kusikiliza. Mshauri huomba ruhusa kwanza: “Je, waweza kuniambia habari ya unywaji wako?” Kisha huuliza: “Kutoka 0 mpaka 10, waona kupunguza pombe ni jambo kubwa kiasi gani kwako?” Tuseme mtu anajibu 4. Mshauri hamwambii kwamba 4 ni haba. Anamwuliza: “Mbona umesema 4, hukusema 1?” Hapo mnywaji mwenyewe ndiye anayeanza kutaja sababu: binti yangu ameanza shule, tumbo laniuma, juzi nilikosa kazi siku mbili. Maneno yametoka kinywani mwake, na si rahisi mtu kushindana na maneno yake mwenyewe.

Lakini hata njia hiyo ilitungwa kwa watu wa desturi nyingine. Bibi Christina Lee na wenzake, katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, waliirekebisha ipate kuwafaa watu wa Kihispania. Mazungumzo yakawa kwa Kihispania kwa anayekitaka. Habari za jamaa zikapewa nafasi yake, kwa maana kwa watu hawa mtu asiyekuuliza habari za nyumbani hana haki ya kukuuliza habari za chupa. Nawe msomaji, ungemfungulia moyo mtu asiyekupa hata shikamoo? Tena mshauri aliuliza waziwazi juu ya shida za ugeni: upweke, kudharauliwa kazini, kubaguliwa kwa ajili ya lugha na rangi, na jinsi shida hizo zinavyomsukuma mtu kwenye kopo. Hata ule uanaume ambao wengine huulaumu ukageuzwa kuwa msaada: mwanamume hasa ni yule ambaye watoto wake wanakula.

Mwaka 2019 walitangaza matokeo ya kazi yao kwa watu karibu 300, wanaume kwa wanawake. Nusu walipata mashauri ya kawaida ya Miller, nusu yale yaliyorekebishwa. Makundi yote mawili yalipunguza pombe. Tusitie chumvi: kwa jumla tofauti baina yao haikuwa kubwa. Faida ya ziada ilionekana kwa wale ambao hawajazoea desturi za Marekani na wale waliobaguliwa zaidi, ndio hasa waliobeba mzigo wa ugeni.

Kuna msaada mwingine ambao haukutoka chuo chochote. Watu wa Mexico huuita *juramento*, yaani kiapo. Mwanamume huenda kwa padre, na mbele ya picha ya Bikira Maria wa Guadalupe anaapa kutokunywa kwa muda anaoutaja mwenyewe: mwezi, miezi sita, mwaka. Mara nyingi hupewa kadi ndogo yenye tarehe na sahihi. Wataalamu walioishi na vibarua wa mashamba ya uyoga karibu na mji wa Kennett Square, jimbo la Pennsylvania, waliona kadi hizo zikifanya kazi. Mwenzake akimpa bia, anasema, “Nimekula kiapo,” basi. Hakuna anayemcheka, wala urafiki hauvunjiki. Anayeapa amepata njia ya kukataa bila kumwaibisha mtoaji. Mimi naona hilo ni jambo la akili sana.

Ila kiapo kina mwisho, na wengine husubiri tarehe ile kama mfungwa. Ndiyo maana wataalamu hao wanataka mshauri na padre wajuane. Tena kuna hatari moja: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafula anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza, hata kama ameapa.

Kwetu nako kazi ya namna hii imeanza. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, mashauri mafupi ya jamii hiyo hiyo yametengenezwa kwa Kiswahili na kwa desturi za hapa, yakaitwa “Punguza Pombe Kwa Afya Yako”. Hupewa majeruhi waliofikishwa hospitalini na pombe ikiwa imehusika. Mgonjwa hakaripiwi. Anaulizwa habari za unywaji wake, naye anajibu akiwa bado na bendeji.