Seva Iko Upande Gani? Istilahi za Kusimamia Kompyuta kutoka Mbali

Makala haya yanafafanua neno moja, seva, ambalo huwatatiza wanafunzi wanapojifunza kusimamia kompyuta ya mbali kwa kutumia programu za madirisha. Aghalabu huelezwa kwamba seva ni kompyuta kubwa iliyo mbali, na mteja ni kompyuta ndogo iliyo mbele ya mtumiaji. Fasili hiyo imejengwa juu ya mahali na ukubwa, nayo hupotosha.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba kompyuta ya kituo cha afya imewekwa Kirolirwe, katika eneo la Masisi, na msimamizi wake yuko Goma. Badala ya kushika njia ya Sake, msimamizi huyo anaweza kuifikia kwa mtandao. Akitumia mfumo wa X, ulioanzishwa katika taasisi ya MIT, Marekani, mwaka 1984, programu ya usimamizi hufanya kazi Kirolirwe, lakini dirisha lake huchorwa Goma. Hapo seva iko Goma, kwa kuwa ndiyo inayohudumia skrini, kibodi na kipanya. Programu ya Kirolirwe, inayoomba kuchorewa dirisha, ndiyo mteja. Akitumia mfumo wa VNC, uliobuniwa Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990, mambo hugeuka: seva iko Kirolirwe, nayo hupeleka picha ya skrini kwa mteja aliyeko Goma.

Kosa la istilahi huzaa kosa la vitendo. Anayeamini kwamba seva daima iko mbali atahangaika na kompyuta ya Kirolirwe, ilhali huenda kasoro iko mezani pake. Vibaya zaidi, akiiacha seva yake ya X wazi kwa mtandao mzima, mtu baki anaweza kunasa kila herufi anayobonyeza, nywila zikiwamo. Ndiyo maana mawasiliano hayo hupitishwa ndani ya SSH, itifaki iliyobuniwa Finland mwaka 1995, ambayo huyasimba njiani.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha njia. Mtumishi hutambulika kwa kazi yake, popote anapokaa. Na mteja ni yule anayekuja kuhitaji huduma. Kwa hiyo yafaa seva ifasiliwe kuwa ni programu inayopokea maombi na kuyatimiza, na mteja kuwa ni programu inayoomba. Fasili hiyo itamfaa msimamizi wa Goma katika mifumo yote miwili.