Kurudi Kwenye Usukani Baada ya Kukatwa Kiungo au Kuugua Maradhi Mazito

Mtu aliyekatwa mguu hutoka hospitalini leseni yake ya udereva ikiwa bado mfukoni. Leseni ya Tanzania hudumu kwa miaka 5, na tarehe iliyochapishwa kwenye kadi haibadiliki kwa sababu mwenye kadi amelazwa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kadi hiyo ilitolewa kwa mtu aliyetahiniwa akiwa na miguu miwili na macho mazima, ilhali Sheria ya Usalama Barabarani humtaka dereva awe na afya isiyowahatarisha wengine. Swali la kujiuliza, basi, ni kama mwili ulio nao leo unaweza kulitawala gari lile uliloruhusiwa kuliendesha.

Yafaa kwanza kueleza nani hufanya nini, maana wananchi wengi wa Singida huja katika ofisi zetu wakitafuta jambo tusilokuwa na mamlaka nalo. Mtihani wa udereva husimamiwa na Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Sisi wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, huwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara, na tutawarudia hao baadaye. Hata hivyo, mlango wa kwanza kabisa ni wa daktari.

Daktari hatazami kidonda pekee. Kigutu kinaweza kuwa kimepona vizuri na mgonjwa akawa hajapona. Kisukari ni miongoni mwa sababu kuu za watu kukatwa miguu pasipo ajali, na ugonjwa huohuo hudhoofisha macho, hutia ganzi mguu uliobaki, na kwa wanaotumia insulini huweza kuishusha sukari ghafla hata dereva akapotewa na fahamu akiwa kwenye mwendo. Uingereza, ambako miongozo ya afya ya madereva imeandikwa kwa kina, dereva wa insulini huelekezwa kupima sukari ndani ya saa 2 kabla ya kuondoka na kila baada ya saa 2 za safari. Ikishuka chini ya 4, haendeshi; na akishakula ikarudi sawa, husubiri dakika 45 zaidi, kwa kuwa ubongo huchelewa kurejea katika utulivu wake. Mwongozo huo haujawa sheria kwetu, lakini sukari haijui mpaka wa nchi, nasi tunamshauri kila dereva mwenye kisukari aufuate.

Kwa waliopata kiharusi, nchi hiyo huzuia kuendesha gari dogo kwa mwezi mmoja walau. Kwa wenye kifafa, hutaka mwaka mzima bila kuanguka. Muulize daktari pia kuhusu dawa. Maumivu ya mguu usiokuwepo, ambayo si ndoto wala uchawi bali ni mishipa ya fahamu, hutibiwa kwa dawa kama amitriptilini na gabapentini, nazo huleta usingizi.

Tuje sasa kwenye gari lenyewe. Aliyepoteza mguu wa kushoto ana nafuu kubwa kuliko anavyodhani. Kazi ya mguu huo ni klachi, na gari la gia otomatiki halina klachi. Magari madogo mengi yanayoingia nchini kutoka Japani ni ya aina hiyo, kwa hiyo mtu huyu aweza kuendesha gari la kawaida bila kubadilisha kitu. Wa mguu wa kulia ana safari ndefu zaidi. Mguu bandia hauhisi. Hauwezi kumwambia mwenyewe kama umekanyaga breki kwa nusu au umenasa kati ya pedali mbili. Tunamsihi asijaribu kukanyaga mafuta kwa mguu bandia. Kipo kifaa cha kuhamishia pedali ya mafuta upande wa kushoto, na kwa aliyepoteza miguu yote kipo chombo cha mkono: husukumwa ili kufunga breki na huvutwa ili kuongeza mafuta. Aliyepoteza mkono hufungiwa kifundo kwenye usukani ili auzungushe kwa mkono mmoja.

Anayetilia shaka vifaa hivi na amkumbuke Alex Zanardi wa Italia. Alipoteza miguu yote miwili katika mashindano ya magari nchini Ujerumani tarehe 15 Septemba 2001, na mwaka 2005 akashinda mbio za dunia za magari akiwa na gari lililorekebishwa.

Kifaa kifungwe na fundi anayekijua. Pedali iliyochomelewa gereji kwa kipande cha nondo ni mtego. Fikiria mteremko wa Sekenke, kati ya Misigiri na Shelui, pamoja na malori yaliyo mbele na nyuma yako. Pedali ikikatika hapo, hakuna wa kulaumiwa atakayekufaa. Gari likisharekebishwa, lipeleke kwa mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kuliingiza barabarani. Iwapo unaagiza gari kutoka nje, ujue kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inatoa msamaha wa ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, likiwemo gari moja. Uombe msamaha huo TRA kabla gari halijafika bandarini.

Ukiwa na taarifa ya daktari, nenda kwa polisi wa usalama barabarani, uwaeleze hali yako, na uombe kutahiniwa upya katika gari la aina utakayoendesha. Jizoeze kwanza na mwalimu. Mazoea ya miaka 20 hupiga breki kwa mguu ambao haupo tena. Malipo ya leseni hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, nawe udai risiti. Kishoka atakayekuahidi kukuletea kadi nyumbani bila mtihani anakuuzia karatasi ambayo kampuni ya bima itaikataa. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli: ukiificha hali yako, gari lako laweza kuachwa bila fidia siku ya ajali.

Kwa madereva wa mabasi na malori tuna maneno magumu zaidi. Anayebeba abiria 60 au shehena ya tani nyingi hupimwa kwa kipimo kikali kuliko anayejiendesha mwenyewe, na hatuoni kuwa ni uonevu. Mtu aliyekuwa akipakia alizeti Iramba kwenda Dar es Salaam anaweza kufuzu tena kwa gari lake dogo lakini asifuzu kwa lori. Tunajua maana yake: ada za shule, deni la benki, heshima ya mtu nyumbani kwake. Kwa huyo tunashauri azungumze na mwajiri mapema kuhusu kazi nyingine ndani ya kampuni, kwa kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamlinda mfanyakazi aliyepata ulemavu akiwa kazini asiondolewe ovyo.

Bodaboda nao wasikate tamaa haraka. Pikipiki hubadilishwa gia kwa mguu wa kushoto, lakini bajaji nyingi hubadilishwa gia na kubanwa klachi kwa mkono wa kushoto, breki ikibaki mguu wa kulia. Aliyepoteza mguu wa kushoto anaweza kuhamia huko, mradi apate daraja la leseni la chombo cha miguu mitatu na chombo chenyewe kiwe na leseni yetu ya usafirishaji.

Ukikataliwa mahali popote, omba sababu kwa maandishi, uzipeleke kwa daktari wako, naye aeleze kipi kinaweza kurekebishwa. Nakala ya taarifa yake ikae ndani ya gari pamoja na kadi ya bima, na wa nyumbani wajue ilipo.